Nyumba Isiyo na Jirani

Jamaa zangu tuliosoma pamoja ufundi, mliotawanyika Kahama, Geita na Musoma, tangu nirudi mnanisumbua kwenye kundi letu la simu. Mnataka picha za kisiwani. Picha sina. Simu yangu ilikaa mfukoni siku zote nne, na mke wangu, ambaye zamani alikuwa anapiga picha hata sahani ya ubwabwa, hakupiga hata moja. Kwa hiyo naandika mara moja tu, mkishasoma mniache nifanye kazi. Namna nilivyoipata ile nyumba tuliyofikia kisiwani naruka. Ni mambo ya fomu na nakala za kitambulisho, hayana utamu. Jina la kisiwa nalo silitaji, kwa sababu watu wa pale walinitendea jambo ambalo sitaki likavute watalii.

Wengine mnajua nusu tu ya habari yangu, basi nianze na ile nusu nyingine. Miezi mitano iliyopita mke wangu Zainabu alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia. Alizaliwa ameshafariki. Nilimzika mimi na wanaume wawili siku hiyo hiyo, Zainabu akiwa bado wodini. Wakubwa wa pande zote mbili wakaniambia neno moja: usimwonyeshe kaburi, usimtaje mtoto, mtoto wa namna hiyo hana matanga, mama atasahau, Mungu atawapa mwingine. Nikatii.

Zainabu naye akanyamaza. Meza yake ya vitenge sokoni Mkuyuni akaifunika. Nyumbani anapika, anapakua, yeye hali. Ukimuuliza jambo anajibu "sawa". Mwanamke aliyekuwa anaanza kuongea kabla jogoo hajawika, miezi mitano anasema "sawa".

Ndipo mama mkwe akapiga simu kutoka Tabora. Aliongea kwa upole sana, na upole wake huwa unanitia hofu. "Baba, Jumapili ijayo nakuja kumchukua mwanangu akae kwangu kidogo." Kidogo ya mama mkwe naifahamu. Dada yake Zainabu alikwenda kukaa kidogo, huu ni mwaka wa sita. Nikamuuliza mke wangu kama kweli anataka kwenda. Akasema, "Sawa."

Basi nikafanya anachofanya fundi yeyote, nikatafuta kilichoharibika huku nikidhani nakijua. Nikajiambia tatizo ni kelele. Kibanda changu cha kuchomelea kimepakana na chumba chetu cha kulala: asubuhi grenda, mchana nyundo, jioni jenereta. Huyu mtu anahitaji ukimya. Nikapanga nyumba ya mapumziko ufukweni, kisiwani, nyumba iliyosifiwa kwamba haina jirani. Nikampigia mama anayeitunza, anaitwa Mama Doto, nikampa masharti yangu. Muziki hatutaki, wageni hatutaki, mke wangu haongei, anahitaji kutulia. "Poleni sana, Baba," akasema. "Asante, Mama," nikajibu, nikakata simu nikiwa nimeridhika kabisa.

Mkuyuni hadi Usagara

Tuliondoka Jumanne asubuhi kwa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo cha jirani yangu Masanja. Mnanijua mimi na mizigo. Niliogopa tukifika kisiwani tusikute chochote, kwa hiyo nilibeba mchele, maharage, mafuta ya kupikia, mikeka miwili ya kukalia mchangani, na sufuria. Sufuria zetu za kawaida nilizisahau kwenye beseni zikiwa hazijaoshwa, ikabidi mke wa Masanja atuazime lililokuwa karibu, lile sufuria lake la shughuli, ambalo ukilikalisha juu ya mafiga matatu linataka watu wawili kuligeuza.

"Fundi," Masanja akasema akilifunga kamba, "unakwenda kupumzika au unakwenda kulisha kijiji?"

"Wewe endesha," nikamwambia.

Zainabu alikaa mbele katikati yetu, kajitanda khanga hadi kwenye paji la uso. Hakuuliza tunakwenda wapi. Nilikuwa nimemwambia mara tatu, na mara zote alisema sawa.

Kabla ya kufika Usagara tairi la nyuma likapasuka. Masanja alikuwa na tairi la akiba lakini jeki aliiazimisha kwa shemeji yake Misungwi. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Akaenda kuitafuta kwa bodaboda, tukakaa kandokando ya barabara saa mbili nzima, mimi na mke wangu na lile sufuria. Mama mmoja aliyekuwa anauza mahindi ya kuchemsha alikuja, akatuangalia, akaangalia mizigo, kisha akampa Zainabu hindi moja na kukataa malipo. "Pole, mama," akamwambia. "Jikaze."

Nikasema moyoni, kumbe watu wa Usagara wana adabu hivi.

Darajani na Sengerema

Mlioondoka siku nyingi hamjavuka daraja. Siku hizi pale Busisi ni dakika chache tu. Mimi sikufurahi sana, maana kwenye kivuko cha zamani ulikuwa unapata muda wa kula karanga na kugombana na mtu. Lakini nilikuwa nimepanga jambo: nilitaka Zainabu aone ziwa kutoka juu. Nikamwambia Masanja apunguze mwendo, nikaonyesha kwa kidole. "Ona mawe yale. Ona maji." Nilipomgeukia nikakuta amefumba macho. Hakuwa amelala.

Sengerema tulishuka kula. Kwenye mgahawa kulikuwa na redio inapiga muziki wa nguvu, mama mwenye mgahawa akachungulia nje kwenye kirikuu, akamwona Zainabu, akaenda kuizima. Sikuwa nimemwomba. Tukaletewa sato wa kuchemsha na ugali, na mchuzi wenye nyanya chungu ambao ningeurudia mara ya pili kama si aibu. Zainabu alichambua samaki wake vizuri, akatoa miiba yote, akaisukuma sahani upande wa Masanja.

"Shemeji, kula," Masanja akasema. Hakuwa anatania tena.

"Sawa," akajibu, akanawa mikono.

Nakiri kwamba pale nilikata tamaa kidogo. Nilihesabu siku zilizobaki hadi Jumapili nikaona hazitoshi hata kurekebisha dirisha, seuze mtu.

Mwaloni

Barabara ya kwenda mwaloni, pale vyombo vinapotia nanga, ni ya vumbi, na tulifika tukiwa wekundu wote. Boti lilikuwepo, abiria walikuwepo, lakini nahodha alikuwa amekaa juu ya ndoo anakula muwa. "Ziwa leo limekataa," akasema. Nikamwuliza litakubali saa ngapi. Akaniangalia, akatema makapi, akasema, "Mzee, wewe ni mtu wa nchi kavu, eeh?"

Tulisubiri kuanzia saa sita hadi saa kumi. Masanja aliaga, akaahidi kuja kutuchukua Ijumaa. Nilizunguka pale mwaloni nikikagua jinsi walivyochomelea vyuma vya gati. Kazi mbovu, nikamwambia kila aliyetaka kusikia. Kando yetu alikaa mtu wa makamo aliyekuwa na maboksi manne ya vifaranga, vinapiga kelele bila kupumua. Nikamwomba avisogeze, mke wangu anahitaji kutulia. Alisimama haraka kuvibeba.

"Viache," Zainabu akasema.

Neno ambalo si "sawa". Jua lilikuwa kali. Akavua khanga ya juu, akaitandaza juu ya maboksi ili vipate kivuli, akaacha mkono wake pale kwenye tundu la boksi. Vifaranga vikawa vinamdonoa vidole. Niliogopa hata kukohoa.

Saa kumi ziwa likakubali. Tulipokuwa tunapanda, wanaume waliokuwa wamekaa sehemu nzuri ya mbele walinyanyuka wote wakampisha Zainabu, na mmoja akavua kofia. Nikamwuliza nahodha kama kila abiria anapewa heshima hii. "Si kila abiria," akajibu kwa sauti ya chini. Nikaona ni kwa sababu ya shati langu.

Majini hadi nyumbani

Kuhusu mawimbi, nitasema tu kwamba mchuzi wa Sengerema niliutapika wote, na nilishika ubao kwa mikono miwili njia nzima. Zainabu alikaa wima amevaa boya lake, maji yanamrukia usoni wala hajifuti.

Nyumba ilikuwa kama walivyosema. Mawe makubwa pande mbili, ufukwe mdogo katikati, baraza inayotazama maji. Hakuna paa lingine linaloonekana. Mama Doto alitupokea ufukweni, mama mnene wa kama miaka sitini, Msukuma wa kuhamia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akamshika Zainabu mikono yote miwili.

"Karibu, mwanangu. Nikuite mama nani?"

Mnajua kwetu mtu mzima anaitwa kwa mtoto wake. Ni swali la kawaida kuliko yote, na mimi sikuwa nimelifikiria. Uso wa Zainabu ulibadilika. Nikarukia haraka, "Mwite Zainabu tu, Mama. Zainabu inatosha."

Mama Doto alinitazama mimi, akamtazama yeye, akatazama mikeka na sufuria vikishushwa. "Haya," akasema. "Nimeelewa."

Jioni ile nilikaa barazani peke yangu. Nilikuwa nimeambiwa kwamba giza likiingia ziwa lote linawaka taa za wavuvi wa dagaa, utadhani ni mji. Nikangoja. Sikuona hata taa moja. Wala hapakuwa na sauti yoyote, ukimya wenyewe niliokuwa nimeuagiza, na ndani ya ule ukimya nilimsikia mke wangu anageuka kitandani. Nikaelewa kwamba nilikuwa nimemtoa kwenye ukimya wa Mkuyuni na kumleta kwenye ukimya mkubwa zaidi. Niliogopa sana.

Jumatano

Asubuhi nilimkuta Mama Doto anafagia nje. Nikaamua angalau nilalamikie kitu ninachoweza kulalamikia.

"Mama, wavuvi wenu wako wapi? Niliahidiwa taa. Au si msimu?"

"Msimu ndio huu, Baba. Mwezi hakuna, dagaa ni wengi."

"Sasa?"

"Wamefunga mitumbwi. Kambi iko nyuma ya haya mawe. Hapa kwetu pakiwa na msiba hakuna anayeingiza chombo majini mpaka wafiwa wapewe pole."

"Lo, poleni sana. Amefiwa nani?"

Aliacha kufagia. "Si ninyi?"

Hebu nisaidieni, ningesema nini? Nilisimama pale na mswaki mdomoni. Akaanza kunieleza taratibu, akihesabu kwa vidole. Nilipiga simu nikakataza muziki. Nikasema mke haongei. Tumekuja na mikeka, mchele, maharage na sufuria la matanga. Mama kajifunika, ukimwuliza jina la mtoto mume anaingilia. "Aliyefiwa na mzazi wake anaongea, tena anaongea sana," akasema. "Asiyeongea ni aliyefiwa na mtoto. Nikawaambia watu wa kambi, jamani, nyumba ya wageni tumeletewa wafiwa, hawana ndugu wa kukaa nao." Pale pale nikamkumbuka yule mama wa mahindi, na redio ya Sengerema, na wale waliotupisha kwenye boti. Shati langu halikuhusika.

Nilipata moto wa aibu. Watu wameacha kazi usiku wa giza nene, usiku ambao ndio riziki yao, kwa sababu ya sufuria la mke wa Masanja. Kabla sijajua la kufanya, nikawaona wanakuja kwa njia ya mawe. Wanawake mbele, kuni vichwani, ndoo za maji, mmoja na ungo wa dagaa wakavu, mwingine na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Wanaume nyuma yao. Aliyewaongoza ni Bwire, Mjita mrefu, mkubwa wa kambi. Alinipa mkono akaushika na wa pili.

"Kaka, pole. Sisi ndio jirani zako."

Nimelipia nyumba isiyo na jirani, na jirani wamekuja kama hamsini. Nikajikohoza. Nilitaka kuwa mwungwana, nilitaka warudi kazini, na zaidi ya yote nilitaka wasimguse mke wangu pale panapouma. Wakubwa walinikataza. Nikasema kwa sauti ili wote wasikie:

"Ndugu zangu, asanteni sana. Lakini tumekosa kuelewana, na kosa ni langu. Hapa hakuna msiba. Sisi tumekuja kupumzika tu."

Wakatazamana. Mama mmoja aliyekuwa na mzigo wa kuni kichwani hakujua kama autue au ageuke nao.

"Upo."

Zainabu alikuwa amesimama mlangoni, kichwa wazi.

"Msiba upo," akasema. "Tueni kuni, mama zangu. Mnachoka."

Wanawake walimpita kila mmoja na kumkumbatia, wakaingia naye ndani, mikeka yangu ya mchangani ikatandikwa sebuleni. Mimi nikabaki nje na wanaume. Walikaa juu ya mawe, hakuna aliyeniuliza mtoto alikufaje. Nikasikia sauti ya Mama Doto ndani, ikirudia lile swali la jana.

"Haya mwanangu. Mama nani?"

"Mama Haruna," mke wangu akasema.

Haruna ni jina la marehemu baba yangu. Tulikubaliana jina hilo mimba ikiwa ya miezi sita, tukicheka, na tangu siku ile ya hospitali sikuwahi kulisikia tena, wala kulitamka. Kisha akalia. Nimeishi naye miaka minane sijawahi kumsikia akilia vile. Nikataka kukimbilia ndani, Bwire akaniwekea mkono begani. "Muache, Baba Haruna," akasema. Na mimi hapo nikaanza. Nililia mbele ya wavuvi thelathini, na hakuna aliyeniambia nijikaze kiume.

Baadaye nikaitwa mlangoni. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini yalikuwa yananiona. Yalikuwa hayajaniona miezi mitano.

"Baba Haruna, waeleze alivyokuwa. Mimi sikumwona. Wewe ulimwona."

Nikawaeleza. Nilisema alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, zimelala upande mmoja. Alikuwa na masikio ya baba yangu. Vidole virefu. Kidole cha mwisho cha mguu kilikuwa kimepinda kwa ndani.

"Kama changu," Zainabu akasema.

"Kama chako hicho hicho."

Aliutazama mguu wake, akacheka huku machozi yanatiririka. Kisha akaacha kucheka. "Mbona hukuniambia?"

"Walinikataza."

"Na wewe ukakubali."

"Nikakubali."

"Mimi sikumkasirikia Mungu, nimekukasirikia wewe," akasema mbele ya wote. "Ndani ya nyumba yetu mwanangu alikuwa kama hakuwahi kuwepo. Ndiyo maana nikasema bora Tabora."

Mwenye kovu usidhani kapoa, nilisikia msemo huo tangu utotoni nikidhani unahusu kazi yetu ya moto. Nikamwambia nisamehe. Hakujibu kwamba amenisamehe wala kwamba hajanisamehe. Alisema, "Kawasaidie kuinjika lile sufuria."

Likainjikwa. Mchele wote ulikwenda, na maharage yote, na dagaa wa watu wakaongezwa. Mama mmoja alinifukuza jikoni kwa kutia chumvi mara mbili. Tulikula sote kwenye sinia, na nilimwona Zainabu kwa mbali ameketi kati ya wanawake wawili, anakula. Alikula, akaongeza. Alasiri Bwire alikwenda kwake akachutama.

"Mama Haruna, tunaomba ruhusa yako turudi ziwani."

"Nendeni, baba zangu," akasema. "Mmekaa nami vya kutosha."

Jioni hiyo taa ziliwaka. Walichosema ni kweli, unadhani ni mji. Tulikaa barazani, Zainabu akawa ananieleza habari za kila mwanamke aliyekuja: nani amezaa pacha, nani amegombana na wifi, nani alizika watoto wawili kwenye kisiwa hiki hiki na majina yao anayo. Alieleza mpaka sauti ikakauka. Kuhusu Jumapili hakusema kitu, nami sikuthubutu kuuliza.

Alhamisi

Alhamisi sikumwona mke wangu hadi mchana. Alikuwa upande wa pili wa mawe, na wanawake, anageuza dagaa juani. Nilipokwenda kumtafuta alinicheka mbele yao kwamba natembea mchangani kama kuku aliyefungwa miguu. Walicheka wote. Nilikasirika kidogo, halafu nikakumbuka ni lini mara ya mwisho alinicheka, hasira ikaisha.

Nilitaka kuwalipa kwa lile giza walilopoteza. Bwire alikataa hadi akaanza kuudhika. Basi nikamwomba anionyeshe vitu vibovu. Kambi ina jiko la chuma lililopasuka na toroli lisilo na mguu. Umeme wa kuchomelea hakuna, nikafunga kwa waya na misumari ya ribiti, kazi ya aibu, na nimeahidi kurudi na jenereta. Hilo si deni. Nataka tu kurudi.

Kurudi

Ijumaa ziwa lilikuwa shwari kabisa. Mama Doto alitupakia dagaa na samaki wa kukaushwa, akamwambia Zainabu kitu sikioni ambacho hadi leo sijaambiwa. Lile sufuria tulilibeba tupu.

Masanja alitungoja mwaloni. Zainabu alimsalimu, akamwuliza habari za mkewe na watoto kwa majina, akamwuliza ile jeki imepatikana au bado iko kwa shemeji. Masanja alinitazama akaacha mdomo wazi. Nikamwambia tena, wewe endesha.

Sengerema Zainabu alimaliza sato wake na kunidokolea wangu. Darajani alimwambia Masanja apunguze mwendo, akachungulia maji upande wa kushoto, kisha upande wa kulia. Tulipopita Usagara akaanza kunyamaza tena, na mimi nikaanza kuhesabu siku. Kesho Jumamosi, keshokutwa mama mkwe. Nyumba ile ile, chumba kile kile.

"Masanja," akasema, "usitupeleke nyumbani kwanza. Twende makaburini."

Masanja akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

Tulishuka getini. Mlinzi wa makaburi alikuwa anafyeka majani kando ya ukuta. Aliponiona akajinyoosha.

"Fundi, leo umechelewa. Nikasema labda unaumwa."

Kisha akamwona Zainabu nyuma yangu. "Ndiye mama yake?"

Zainabu alisimama. "Mnajuana?"

"Kila Ijumaa yuko hapa," mzee akasema. "Mvua, jua, yuko hapa. Hazidi nusu saa, anang'oa majani, anaondoka."

Basi mmejua, jamaa zangu, kwa nini Ijumaa alasiri nikipigiwa simu sipokei. Mke wangu nilimwambia nafuata vyuma mjini. Zainabu alinisogelea. Nilidhani atanikasirikia tena, na angekuwa na haki, maana nilimficha mtoto na nikaficha hata kumlilia.

"Miezi mitano," akasema, "wewe unalia huku, mimi nalia kule." Akanishika mkono. "Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Ni tuta dogo, chini ya ukuta, lina mawe manne niliyoyapanga mwenyewe. Alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya udongo, akamwita kwa jina. Akakaa chini kabisa, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyefika alikokuwa anakwenda. Tulimwombea dua. Kisha akatoa simu. Sikumwuliza anampigia nani. Aliiweka sauti juu ili nisikie.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Umeshafunga mizigo?"

"Sijafunga. Niko makaburini, kwa Haruna."

"Kwa nani?"

"Kwa Haruna. Mjukuu wako. Tunakwenda kumwekea matanga, Mama, nyumbani kwetu hapa Mkuyuni. Usije kunichukua Jumapili. Njoo ukae nami."

Nikamsikia mama mkwe anapenga kamasi.

"Jumapili siji," akasema. Mkono wa Zainabu ulikaza ndani ya wangu. "Jumapili ni mbali. Napanda basi la kesho."